Fundi Matano Kibwana na Gasketi Aliyoikata kwa Mkono Wake

Leo, Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Fundi Matano Zaidi Kibwana anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Huduma Tembezi kwa miaka thelathini na nne kasoro mwezi mmoja. Huo mwezi uliopungua si ubahili wa mwandishi. Ofisi ya Utumishi imeagiza utajwe, kwa kuwa takwimu ni takwimu, na kwa kuwa ofisi hiyohiyo ndiyo iliyomtaka mstaafu, mwezi Mei mwaka huu, alete uthibitisho kwamba aliwahi kuzaliwa.

Mwandishi ni mtunza stoo, Hajra Shabani. Kazi ya kuandika wasifu huu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wiki mbili nzima bila mtu kujitokeza, mwisho ikaamuliwa apewe anayemfahamu mstaafu kwa karibu. Mtunza stoo amekuwa akimnyima Fundi Matano vipuri kwa miaka kumi na tisa, uso kwa uso, kupitia kidirisha chenye nondo, kwa hiyo ukaribu upo wa kutosha. Anaomba radhi mapema kwa atakayoyakosea. Kwa yale atakayoyapatia, ataomba radhi mwishoni.

Fundi Matano alizaliwa Gwata mwaka 1965 katika familia ya wakulima. Cheti cha kuzaliwa kilipatikana baada ya safari nne, na sasa hata Utumishi wanakubali kwamba yupo. Alisoma shule ya msingi hukohuko Gwata, akajifunza ufundi kwenye gereji ya kando ya barabara pale Mlandizi, na tarehe 1 Agosti 1991 akaajiriwa katika karakana yetu ya Kibaha. Hajawahi kuhamishwa. Mwaka 2003 aliandikiwa uhamisho kwenda tawi la Kisarawe, lakini ikagundulika kwamba tawi la Kisarawe lina meza, kiti na bendera, halina injini hata moja, barua ikafutwa.

Siku aliyoajiriwa, shirika lilikuwa na pikipiki ishirini na mbili aina ya XL 125, zote mpya, zote nyekundu. Leo zimebaki nne, na wekundu wake unahitaji imani. Hizo nne ndizo zinazowabeba wahudumu wetu wa afya, pamoja na masanduku ya chanjo na mizani ya kupimia watoto, kwenda vijiji vya Gwata upande mmoja na vijiji vya Masaki, Kisarawe, upande wa pili. Kila Mpango Mkakati tangu mwaka 2005 umeahidi kuzibadilisha. Tumekuwa na Mipango Mikakati minne, yenye majalada mazito ya kung'aa, na pikipiki ni zilezile.

Kilichozifanya ziendelee kutembea ni ubishi wa mtu mmoja. Fundi Matano hafungui injini mpaka amhoji dereva wake, na mahojiano hayo yamewatoa wahudumu jasho kuliko usaili wa kazi. Moshi unatoka wakati gani? Unatoka asubuhi ukiwasha tu, kisha unakata? Basi ringi za pistoni hazina neno, tazama sili za valvu, ndizo zinazovujisha oili pikipiki ikilala. Unatoka muda wote, na unazidi ukipanda mlima wa Minaki? Hapo ringi zimekwisha. Unatoka Ofisa Usafiri akiwa karibu tu? Hapo mbovu ni dereva. Majibu yote huyaandika kwenye daftari la mistari kwa kalamu ya risasi, na mtu akijikanyaga katika maelezo yake hurudishwa mwanzo.

Baada ya mahojiano hufuata kidole. Karakana yetu haina kifaa cha kupimia mgandamizo wa injini. Kiliombwa mwaka 1998 na ombi lingali linashughulikiwa, kwa hiyo tusilalamike mapema. Fundi hung'oa plagi, huziba tundu lake kwa kidole gumba, na kumwagiza dereva apige kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, injini inapumua vizuri. Kisiposukumwa, humimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Nguvu ikirudi, ringi ndizo zilizochoka, maana oili imeziba mwanya wake kwa muda. Isiporudi, wa kulaumiwa ni valvu. Kijiko chenyewe ni cha chai. Bi Maua wa jikoni amepoteza vijiko kumi na saba tangu aajiriwe, na kwa miaka mingi alikuwa akimshuku mhasibu, mtu wa watu, ambaye hata chai hanywi.

Mwaka 2016 uongozi ulimleta mtaalamu mshauri kutoka Dar es Salaam aje atufundishe uchunguzi wa kisasa. Alikuja na kompyuta na waya wenye ncha sita. Aliizunguka XL namba kumi na nne kwa dakika arobaini akitafuta pa kuuchomeka. Fundi Matano alimsaidia kutafuta kwa heshima zote, hata akainama kuchungulia chini ya tangi. Taarifa ya mshauri ilikuwa na kurasa sitini na ilipendekeza tununue pikipiki zenye pa kuchomeka. Nakala ipo stoo, kwa anayeihitaji, baada ya kujaza fomu.

Lakini jambo linalomtambulisha Fundi Matano kuliko yote ni kile tunachokiita kipimo cha adhuhuri. Akishasaga valvu, yaani akishazisugua kwa dawa ya kusagia mpaka zikalie viti vyake sawasawa, huilaza silinda hedi, yaani kichwa cha injini, chali, humimina petroli juu ya valvu zilizofungwa, kisha huenda msikitini. Anatawadha, anaswali, anasalimiana na wazee wote waliopo, na wazee wa pale hawasalimiani kwa ufupi. Akirudi akakuta hata unyevu kidogo umepenya upande wa pili wa valvu, anamwaga petroli na kuanza kusaga upya. Bwana Latifu, Ofisa Usafiri wetu, aliwahi kumwandikia barua akimtaka aeleze muda wa kipimo hicho kwa dakika. Fundi alijibu kwa maandishi kwamba hilo linategemea imamu. Valvu zilizopita kipimo hicho hazijawahi kurudi karakanani kabla ya miaka mitatu, na hilo halimo kwenye taarifa yoyote ya kurasa sitini.

Hapa ni lazima mwandishi ajisifu kidogo, kwa kuwa hakuna mwingine atakayemsifu. Stoo ya Kibaha imepongezwa na wakaguzi mara tatu kwa rafu zake zilizojaa. Siri ya rafu kujaa ni ndogo sana: usitoe kitu. Anayetaka kipuri hujaza Fomu Namba Tisa, hutafuta saini ya Ofisa Usafiri, kisha hutafuta saini ya Meneja, ambaye ofisi yake ipo Kibaha na yeye mwenyewe yupo semina. Fomu ikikosa saini moja, kidirisha hufungwa. Fundi Matano hakuwahi kugombana na kidirisha hicho. Alikuwa akisema shukrani, anageuka, anakwenda kujitengenezea mwenyewe. Amefunga waya wa klachi kwa waya wa baiskeli. Amechonga bushi kutoka kwenye kipande cha bomba la maji. Na gasketi amekata kwa kila aina ya karatasi nene iliyowahi kuingia ndani ya geti hili.

Gasketi, kwa ndugu zetu wa Utumishi, ni karatasi ngumu inayokaa kati ya vipande viwili vya injini ili oili isivuje. Ya dukani huja imekwisha kukatwa. Ya mkono hukatwa kwa kuilaza karatasi juu ya chuma na kuigonga pembeni kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka kingo za chuma zenyewe ziikate. Ni kazi inayotaka macho na subira. Mstaafu ameifanya mara mamia, na mara moja alikosea. Wasifu wa heshima ungeiruka mara hiyo moja. Huu hauiruki, na mwandishi anaomba msomaji avumilie.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 26 Machi mwaka huu, siku ya ishirini na tano ya mfungo. XL namba kumi na nne ililetwa ikivuja oili chini ya bloku, kile kipande chenye silinda. Dereva wake ni Firdausi Ally, mhudumu wetu wa Masaki kwa miaka tisa. Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ya kliniki, na Alhamisi ya kliniki kina mama wa Masaki huacha mihogo shambani na kutembea na watoto mgongoni tangu alfajiri. Fundi alifungua injini, akaja kidirishani na Fomu Namba Tisa isiyo na saini ya Meneja. Meneja alikuwa Morogoro kwenye semina ya kupunguza urasimu. Fundi akaambiwa kwamba hata hivyo gasketi hazipo. Akasema shukrani.

Juu ya meza ya karakana palikuwa na Mpango Mkakati wa sasa, wenye jalada la bluu, gumu, zito, la kiwango cha juu kabisa. Fundi aliling'oa jalada akalilaza juu ya bloku. Kwa kumbukumbu zetu, hiyo ndiyo mara ya kwanza Mpango Mkakati kuingizwa kazini. Ilikuwa saa tisa alasiri, mtu amefunga, joto la Machi mnalijua, na mtunza stoo amesimama mlangoni na funguo mkononi akimkumbusha kwamba mwezi wa Ramadhani geti hufungwa mapema. Alimkumbusha mara tatu. Fundi alitoboa matundu manne ya bolti. Moja kati ya hayo hutakiwa liwe pana kuliko mengine, kwa sababu oili hupanda kwenda kichwa cha injini kupitia hapo, pembezoni mwa bolti. Siku hiyo alilikata likabana kama mengine. Haraka haraka haina baraka, na aliyeharakishwa tunamfahamu, na aliyeharakisha tunamfahamu pia.

Pikipiki iliwaka na haikuvuja hata tone. Firdausi akaenda Masaki, akarudi, akaenda tena. Kwa wiki sita oili ilikuwa ikipenya juu kwa matone, ya kutosha kudanganya na isiyotosha kulainisha. Alhamisi ya tarehe 8 Mei, akirudi kutoka Masaki, namba kumi na nne ilianza kulia juu, ikakaza, ikazima. Firdausi aliisukuma kilomita sita huku sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma na barafu ikiyeyuka.

Wakati huo Fundi Matano alikuwa safarini akitafuta ushahidi wa kuzaliwa kwake. Bwana Latifu akaichukua kazi mwenyewe. Alifungua kifuniko cha juu, akaona kamshafti, kile chuma kinachofungua na kufunga valvu, imeungua na kugeuka rangi, na hitimisho likamfikia kabla bolti ya mwisho haijatoka: dereva hakuweka oili. Akaandika taarifa safi yenye vichwa vya habari. Fundi aliporudi alionyeshwa kamshafti hiyo juu ya meza, akaulizwa imekosa nini. Akasema imekosa oili. Akapewa kalamu, akasaini, maana alichosema kilikuwa kweli. Kwa saini hiyo Firdausi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Alhamisi ya tarehe 12 Juni, aeleze kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe. Barua iliongeza kwamba kliniki ya Masaki ingesitishwa hadi itakapotolewa taarifa nyingine, na taarifa nyingine za shirika hili tunazijua zilivyo.

Pale Masaki kuna watoto watano wanaoitwa Firdausi, na hakuna hata mmoja aliyeitwa jina la Ofisa Usafiri. Tunalisema hili kama takwimu tu.

Firdausi alikuja karakanani siku chache kabla ya kikao. Hakulia wala hakugomba. Alimwamkia Fundi, akasimama mbele yake kama mwanafunzi. "Mzee, oili naangalia kila asubuhi kabla sijanywa chai," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha." Fundi aliitikia marahaba. Alirudi kwenye benchi lake akafungua lile daftari la mistari, akasoma majibu ya Firdausi ya miaka tisa, ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa amejikanyaga hata mara moja.

Siku iliyotangulia kikao, Fundi aliamua kuifungua sehemu yote ya juu ya injini. Kabla ya kugusa bolti yoyote alimwaga oili kwenye beseni. Ikatoka lita nzima, nyeusi lakini kamili. Akasimama akiitazama. Injini isiyowekewa oili haimwagi lita nzima. Ina maana oili ilikuwepo chini, ikashindwa kupanda. Akatoa hedi, akanyanyua bloku, na hapo chini ikaonekana gasketi ya bluu yenye maneno ya jalada yanayosomeka bado, "Kuwafikia Wote," na tundu moja lililobana.

Karakanani walikuwepo watu wawili, yeye na mtunza stoo. Pipa la taka lilikuwa hatua mbili kutoka alipokuwa. Zilibaki siku kumi na tisa astaafu. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya wafanyakazi wa mfano, na cheti kilikuwa kimekwisha kuchapishwa, chenye muhuri wa dhahabu na jina lake limeandikwa bila kosa, jambo ambalo kwa ofisi yetu si dogo. Mtunza stoo alielewa alichokiona. Na kwa kuwa leo hatufichani, alitegemea pipa lingetumika. Fundi aliipangusa gasketi kwa kitambaa, pande zote mbili, akaitia kwenye bahasha.

Kamati iliketi saa nne asubuhi: Meneja, Bwana Latifu, Bi Juliana wa Utumishi, na mtunza stoo kama katibu wa kuandika kumbukumbu. Fundi Matano hakuitwa. Alibisha hodi, akaingia, akaweka gasketi juu ya meza, juu ya mafaili.

"Hii niliikata mimi," alisema. "Tundu la oili nililibana. Huyu binti oili alikuwa anaweka. Mimi ndiye niliyeizuia isipande."

Meneja aliigeuza gasketi, akalitambua jalada, akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa ni nani aliyeruhusu Mpango Mkakati ukatwe. Suala hilo lilijadiliwa kwa dakika ishirini na kumbukumbu zake zipo. Ndipo akakumbuka kuuliza swali la maana, kwamba kwa nini fundi wa miaka yote hiyo hakutumia gasketi halisi. Kalamu ya katibu ilisimama.

"Niliharakisha," alisema Fundi, akaomba ruhusa, akatoka.

Katibu aliandika: Fundi alieleza kuwa aliharakisha. Akaweka nukta.

Firdausi alisafishwa siku hiyohiyo, na kliniki ya Masaki haikusitishwa. Fundi Matano alipewa barua ya onyo kwa uzembe na uharibifu wa nyaraka za shirika, ya kwanza katika maisha yake ya kazi, ikawekwa kwenye faili lake zikiwa zimebaki siku kumi na nane. Jina lake likatolewa kwenye orodha ya wafanyakazi wa mfano. Wageni waalikwa wenye macho makali watakuwa wameona kwamba katika ratiba ya leo, kati ya chai na hotuba, hakuna kipengele cha kukabidhi cheti. Mmeelezwa mlangoni kuwa ni kwa sababu ya muda. Muda upo tele. Hotuba ya Meneja peke yake imepewa dakika hamsini.

Mtu mwingine angetumia siku hizo kumi na nane kukaa nyumbani na kununa, na hakuna ambaye angemlaumu. Fundi Matano alizitumia kuijenga upya namba kumi na nne. Bloku aliipeleka kwa mchongaji mmoja wa Zegereni ikapanuliwa silinda, akatia pistoni ya ukubwa uliofuata. Ringi alizipanga alama zikitazama juu na mianya yake imepishana, kila mmoja upande wake. Kamshafti aliitoa kwenye XL nzee iliyolala nyuma ya karakana, akaipima, akaisugua, akaridhika. Valvu alizisaga siku tatu, na swala ya siku ya tatu ndiyo iliyomrudisha akakuta upande wa pili mkavu. Safari hii kila kipuri kilichokuwepo stoo kilitoka bila fomu, hata vile ambavyo hakuviomba.

Kabla ya kufunga kifuniko cha juu alimtumia ujumbe Firdausi aje. Akamwambia apige kiki taratibu, mara nyingi, plagi ikiwa nje. Firdausi alipiga mpaka oili ikachomoza pembeni ya bolti ile, ikatiririka juu ya kamshafti. Walisimama wote wawili wakiitazama. Fundi hakutoa hotuba. Alimpa tochi amulike vizuri, aone mwenyewe.

Alhamisi iliyopita, tarehe 26 Juni, namba kumi na nne ilikwenda Masaki na kurudi. Haikutoa moshi asubuhi, haikutoa moshi mlimani. Firdausi amehojiwa na majibu yake yameandikwa daftarini.

Sasa mwandishi ataacha kujiita mwandishi. Yaliyobaki nayaandika mimi, Hajra.

Mzee Matano, ile Jumatano ya mfungo nilikwambia gasketi hazipo. Zilikuwepo. Zilikuwepo seti mbili, rafu ya tatu, ndani ya mfuko wa nailoni. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki inayofuata na nilitaka waikute rafu imejaa. Sikuzuiwa na saini, maana ningeweza kukupa gasketi na saini nikaisubiri baadaye. Niliogopa pengo kwenye rafu. Kwa ajili ya pengo la upana wa kiganja nusura nimponze mwanamke mwenye miaka tisa ya kazi apoteze riziki yake, nami nikiwa nimekaa pale na kalamu, naandika.

Na wewe ulijua. Siku ulipoifungua injini na kuikuta gasketi ya bluu, nilikimbia stoo nikakuletea halisi, nikidhani ukiifunga upesi yote yatafunikwa. Ilikuwa na vumbi la miaka miwili. Uliipuliza vumbi, ukaitazama, ukanitazama mimi. Kesho yake ukaingia mbele ya kamati ukijua gasketi ilikuwepo, ukijua nimekaa pale, na ulipoulizwa kwa nini hukuitumia ukajibu kwa neno moja na kunibakisha salama. Nimelala na neno hilo kwa wiki mbili na nusu. Naona aibu, na nakupenda kama mzazi, na yote mawili nilipaswa kuyasema mapema.

Ijumaa nilipeleka barua kwa Meneja. Nimeeleza haya yote kama yalivyo, nimeomba onyo lako liondolewe kwenye faili na liandikwe kwa jina langu, na cheti chako kirudishwe. Cheti chenyewe nimekitunza. Kiliingizwa stoo ili kichanwe, na mnajua stoo yetu haitoi kitu. Meneja hajajibu, kwa sababu tangu Ijumaa mchana yupo semina, na amerejea asubuhi hii moja kwa moja kwenye meza kuu. Kwa hiyo nimeyaandika hapa, kwenye programu ya sherehe, karatasi pekee katika shirika hili isiyohitaji saini ya mtu. Nakala mia moja na ishirini ziko mikononi mwenu. Bwana Meneja, na yako iko mbele yako, chini ya chupa ya maji.

Firdausi, mdogo wangu, nawe nisamehe. Hukunikosea kitu.

Fundi, kwa niaba ya wahudumu wote waliofika na kurudi kwa sababu yako, na kina mama wa Gwata na Masaki wasiojua hata jina lako, tunakushukuru. Rudi Gwata kwa mkeo, Bi Mwanahalima, ambaye amekungoja miaka thelathini na nne, na yeye hakati mwezi. Mungu akujalie afya, umri na siku zilizotulia, na kila jema unalolitamani likufikie huko nyumbani. Ukitoka hapa leo, toka na cheti chako. Nimekileta, kipo kwenye mkoba wangu, na sitamsubiri mtu aniruhusu kukutolea. Lile onyo niachie mimi.

Hajra Shabani
Mtunza Stoo, Kibaha